Kipimo cha Sikukuu Katika Pwani ya Waswahili

Sikukuu, kama jina lake linavyosema, ni siku iliyo kubwa kuliko nyingine, na ukubwa huo una gharama yake. Mwenye nyumba hutakiwa awe na chakula kilicho bora kuliko cha jana, nguo iliyo mpya kuliko ya jana, na mkono ulio wazi zaidi kwa jirani na mgeni. Na haya yote humfikia kwa siku moja isiyojua kungoja. Tajiri huyatimiza bila ya kuhesabu. Maskini hana budi kuhesabu, na katika kila zama maskini ndio wengi.

Habari za sikukuu za pwani ya Afrika ya Mashariki zimeandikwa mara nyingi kwa upande wa fahari. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kufa Ujerumani mwaka 1924, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizopigwa chapa mwaka 1886, jinsi Idi zilivyosherehekewa katika majumba ya baba yake, Sultani Said: mavazi mapya, manukato, na zawadi zilizotolewa kwa wingi. Ni habari za kweli, lakini ni habari za nyumba iliyokuwa na hazina. Nje ya majumba yale walikaa wavuvi, wakulima, mabaharia, mafundi na watumwa, nao pia walikuwa na Idi yao. Waliipata wapi gharama yake? Swali hili huonekana dogo, lakini hufungua mlango wa jambo kubwa, maana kila sikukuu huuliza ni nani alipe, na yule asiyeweza kulipa afanyiwe nini.

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la sikukuu za pwani, hata hivyo, halikuandikwa na mtu mmoja kwa ajili ya mfuko wake peke yake. Liliandikwa na sheria, desturi na ujirani, na ndani yake mlikuwa na vipimo vilivyojulikana na wote: pishi ya nafaka, fungu la nyama, doti ya nguo, zamu ya upatu. Vipimo hivyo viliposhikwa, mnyonge aliiona siku kuu kama mwenzake. Vilipoachwa, sikukuu iligeuka deni.

Pwani ilikuwa na hesabu mbili za mwaka, na kila moja ilizaa sikukuu ya namna yake. Ya kwanza ni hesabu ya jua, iliyotumiwa na wakulima na mabaharia. Mwaka wake una siku 365, nazo zimegawanywa katika miongo 36, yaani makumi ya siku, pamoja na siku 5 za ziada. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kufyeka na wakati wa kupanda, na nahodha alijua lini kusi itatulia na lini kaskazi itaanza kuvuma. Siku ya kwanza ya mwaka huo huitwa Nairuzi, neno lenye asili ya Uajemi, au kwa maneno ya watu wote, siku ya mwaka. Kwa kuwa hesabu hii haina siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, siku ya mwaka hurudi nyuma polepole, siku moja katika kila miaka minne. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka mia imekuwa ikiangukia miezi ya Julai na Agosti, baada ya mvua za masika, wakati nafaka imekwisha kuingia ghalani.

Hapo ndipo palipo na sababu ya kwanza ya wepesi wa gharama yake: sikukuu iliyofungamana na majira humkuta mkulima akiwa na kitu. Sababu ya pili ni kwamba mambo yake makuu hayanunuliwi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, hakuiacha siku hii katika masimulizi yake. Jambo lake kubwa lilikuwa kuoga baharini, na bahari haina kiingilio. Makunduchi, kusini ya Unguja, ambako sikukuu hii huitwa Mwaka Kogwa na husherehekewa hata leo, wanaume hupigana kwa mapande ya migomba, na ugomvi wa mwaka uliopita huishia pale. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita wakiimba, nao wamevaa nguo zao nzuri. Kisha watu hula. Mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa kwa vyovyote, makuti huanguka yenyewe, na sauti ni mali ya mwimbaji. Kilichobaki kuwa gharama ni chakula, na hicho kimekwisha kuvunwa.

Sharti moja la siku ile ni zito. Nyumba yapasa isikose mgeni, kwa kuwa kukosa mgeni huhesabiwa kuwa ishara mbaya kwa mwaka unaoingia. Kwa sharti hilo asiye na chakula ana pa kwenda, na akienda humpelekea mwenye nyumba heri anayoitaka. Wote wawili huhitajiana, wala hapana mwombaji kati yao. Katika baadhi ya miji ya pwani, ng'ombe mmoja alizungushwa mji, kisha akachinjwa na nyama yake ikaliwa na wakazi. Ng'ombe mmoja kwa mji mzima ni gharama ndogo kwa kila mlango.

Hesabu ya pili ni ya mwezi, nayo ndiyo inayoongoza ibada ya Kiislamu. Mwaka wake una siku 354 au 355, na kwa hiyo Idi hutangulia majira kwa siku zipatazo 11 kila mwaka, mpaka baada ya miaka ipatayo 33 hurejea palepale. Idi ya Mfungo Mosi iliangukia Agosti mwaka 1947, ikarejea Agosti mwaka 1980, na tena Agosti mwaka 2012. Kati ya miaka hiyo ilipita katika vuli, kiangazi na masika. Maana ya mzunguko huu kwa mfuko wa mtu wa Unguja na Pemba ilikuwa kubwa. Tangu karne ya 19 fedha za visiwa hivyo zilitoka sana katika karafuu, ambazo huchumwa hasa kati ya Julai na Desemba, wala hazizai kwa wingi ulio sawa kila mwaka. Miaka ambayo Idi iliwadia wakati wa uchumaji, mchumaji alikuwa na ujira mkononi. Miaka ambayo iliwadia Machi au Aprili, fedha za karafuu zilikuwa zimekwisha na ghala inapungua. Katika muda wa maisha yake mtu mmoja aliweza kuiona Idi ya neema na Idi ya uhaba, ilhali yeye ni yuleyule na bidii yake ni ileile.

Sikukuu isiyofuata mavuno haiwezi kutegemea ghala, hutegemea sheria. Kwa sheria ya Kiislamu ni haramu kufunga siku ya Idi, hata kwa yule anayetaka. Maadamu watu wamekatazwa kushinda na njaa siku ile, ilipasa iwepo njia ya kumfikishia chakula asiye nacho, na njia hiyo ni zaka ya fitiri. Kila mwenye ziada juu ya chakula cha usiku na mchana wa Idi hutoa, kwa nafsi yake na kwa kila aliye chini ya ulezi wake, pishi moja ya chakula kikuu cha mji, na bora itolewe kabla ya sala ya Idi. Pishi ni vibaba vinne.

Kipimo hicho chastahili kutazamwa vizuri. Ni sawa kwa kila kichwa: mwenye mashamba na mchukuzi wa bandarini hutoa pishi ileile, na utajiri una zaka yake nyingine, inayokwenda kwa kadiri ya mali. Tena, kwa madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani, hutolewa chakula chenyewe, kwa hiyo maskini halazimiki kuingia sokoni siku ambayo bei imepanda. Na lililo la ajabu zaidi, maskini aliyepewa mapema, akawa na ziada jua lilipotua siku ya mwisho ya Ramadhani, naye huingia katika hesabu ya watoaji. Sheria haikumweka mtu katika fungu la wapokeaji milele. Ilimpima usiku ule kwa alicho nacho usiku ule.

Idi ya Mfungo Tatu ina gharama kubwa zaidi, maana ndani yake mna kuchinja. Hapo pia kipimo kiliwekwa. Mbuzi au kondoo mmoja hutosha kwa mtu na watu wa nyumba yake, na ng'ombe au ngamia huweza kushirikiwa na watu saba. Mnyama ambaye mtu wa kipato cha kawaida hakuweza kumfikiria, watu saba walimnunua kwa pamoja, na kila mmoja akawa amechinja. Nyama ile haiuzwi. Sehemu huliwa nyumbani, sehemu hupelekewa jamaa na majirani, na sehemu ni haki ya maskini. Hivyo nyumba ambazo hazikununua chochote zilipika nyama siku ile kama nyingine.

Chakula kilipata sheria yake. Nguo haikupata kipimo cha namna hiyo. Mafundisho ya dini humhimiza mtu kuvaa siku ya Idi nguo njema aliyo nayo, na desturi ikaongeza kwamba iwe mpya. Nyongeza hiyo ya desturi ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu katika pwani ya karne ya 19 nguo ilitangaza daraja ya mtu kabla hajafungua kinywa. Watumwa walijulikana kwa kaniki na merikani. Amri ya kukomesha utumwa ilipotolewa Unguja tarehe 6 Aprili 1897, na baadaye katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, waliotoka utumwani walikuwa na haki mpya pamoja na mfuko uleule mtupu. Kanga, ambayo ilikuwa imeanza kuenea katika nusu ya pili ya karne ile, iliwafaa sana. Asili yake ni leso zilizoshonwa pamoja. Baadaye zilichapwa kwa kitambaa kizima katika viwanda vya ng'ambo, na kuuzwa na wafanya biashara wa Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani.

Mwanamke aliyeingia uwanja wa Mnazi Mmoja, Unguja mjini, ambako watu wengi walikusanyika siku za sikukuu, naye amevaa kanga mpya, aliiacha kaniki nyuma yake mbele ya macho ya mji mzima. Kwa hiyo ni kosa kuihesabu gharama ile kuwa upuzi. Fedha iliyotoka ilinunua kitambaa, na pamoja na kitambaa ilinunua kuhesabiwa miongoni mwa watu. Wala kanga haikuwa ghali kama hariri na mavazi ya kudariziwa. Doti moja ina vipande viwili vilivyo sawa, na upacha huo uliwafaa wenye fedha chache: marafiki wawili waliweza kununua doti moja na kila mmoja akachukua kipande chake. Aliyevaa nusu ya doti alikuwa amevaa kitu kipya, tena sare yake na ya rafiki yake ilionekana kuwa ishara ya mapenzi kuliko ya uhaba.

Njia nyingine ya kuitafuta nguo na karamu ilikuwa upatu. Watu wanaoaminiana, aghalabu wanawake wa mtaa mmoja, hutoa kila mmoja kiasi kilekile kwa kila juma au kila mwezi, na jumla yake hupewa mmoja kwa zamu. Wanawake 12 wakitoa shilingi 2 kila mwezi, kila mmoja hupata shilingi 24 mara moja katika mwaka. Upatu hauongezi hata senti moja juu ya mali ya wanachama. Kazi yake ni kuikusanya mahali pamoja kwa wakati unaotakiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha mtu mmoja huchotwa kila siku na njaa za kila siku. Upatu hukiweka mbali na mkono wa mwenyewe. Dhamana yake ni haya na ujirani, kwani aliyepokea zamu yake akaacha kulipa amepoteza mtaa mzima. Tena hauna riba, ambayo dini imeikataza na ambayo mkopeshaji wa dukani aliweza kuificha katika bei.

Kinyume cha upatu ni mashindano. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya wanawake vya lelemama vilishindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Viwili vilivyojulikana sana vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Katika mashindano kila upande hupima gharama yake kwa gharama ya mwenzake, na kipimo kinachoshikwa na mshindani hakina mwisho. Mchango ulipozidi uwezo, lililobaki ni kukopa. Mambo ya namna hii hayakuwapendeza wanazuoni waliotaka kuutengeneza upya umma wa Kiislamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi tangu mwaka 1891 hata mwaka 1947 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, na katika maandishi yake aliwaonya Waislamu wenzake juu ya kuiga mambo yasiyo na faida na kutawanya mali.

Onyo hilo lilikuwa na haki, kwa maana chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini daftari lina kurasa mbili, na ukurasa wa pili wapasa kusomwa. Vyama vile vya ngoma vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika harusi na misiba, na ndani yake wanawake wa asili mbalimbali, wakiwamo waliotoka katika vizazi vya utumwa, walipata vyeo na heshima ambavyo hawakupewa mahali pengine. Tena deni lililotikisa visiwa vya karafuu halikutoka katika kanga. Wenye mashamba walikopa juu ya mazao yaliyo bado mtini, bei ilipoanguka walishindwa kulipa, hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ilitoa sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wadai. Ni rahisi kuuona ubadhirifu wa maskini, kwa sababu hufanywa hadharani siku ya sikukuu. Wa mwenye mali hufichwa ndani ya hati.

Jaribu kubwa la vipimo vya zamani lilikuja pamoja na Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Machi 1942 majeshi ya Japani yaliingia Rangoon, na mchele wa Burma, ambao Unguja ilikuwa ikiutegemea sana, ulikatika. Idi ya Mfungo Mosi mwaka ule iliangukia Oktoba. Kwa desturi ya visiwa, chakula cha sikukuu bila ya mchele hakikutimia: pilau, wali wa nazi, vitumbua na mikate ya kumimina vyote hutoka humo. Serikali ikaleta mgawo, na mgawo ule ulifuata kabila la mtu kama lilivyoandikwa. Mwafrika hakugawiwa sawa na Mwarabu na Mhindi. Nafaka nyingine na muhogo vilipewa wale waliodhaniwa kuwa vyawatosha. Mtu aliyejiona Mswahili wa mji, akala wali tangu utoto wake, aliambiwa na karatasi kwamba wali si chakula chake.

Mgawo wa vita ulifanana kwa sura na pishi ya fitiri, maana wote wawili ulihesabu vichwa. Tofauti yao ilikuwa katika kusudi. Pishi ilivilinganisha vichwa vyote siku moja katika mwaka, na mgawo ulivipanga kwa daraja kila siku. Wala si ajabu kwamba jambo hilo lilizidisha uchungu wa ukabila katika siasa za Unguja za miaka iliyofuata. Watu waweza kuvumilia uhaba ulio wa wote kwa muda mrefu; uhaba unaogawanywa kwa asili ya mtu huingia katika chungu chenyewe, na siku ya sikukuu ndiyo siku ambayo kila mmoja hutazama chungu cha jirani.

Vipimo hivi havikutoweka. Pishi ya fitiri hutolewa mpaka leo katika misikiti na mitaa ya pwani. Upatu unaendelea, na nchini Kenya watu wengi huuita chama. Mwaka Kogwa wa Makunduchi sasa huhudhuriwa na watalii wengi pamoja na wenyeji. Yapo pia mambo mapya yaliyoongeza bei ya siku: nguo za watoto hutoka mbali, na duka hutangaza sikukuu kabla mwezi haujaandama. Mwenye kipato kidogo huambiwa apange vizuri matumizi yake, na shauri hilo ni jema. Lakini historia ya pwani yaonyesha kwamba kupanga kwa mtu mmoja mmoja kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilifanywa na kanuni zilizokubaliwa na wote: kwamba hapana mtu atakayefunga siku ya Idi, kwamba ng'ombe ni wa watu saba, kwamba nyumba isikose mgeni siku ya mwaka. Wazee waliozishika kanuni hizo walikuwa na mali kidogo kuliko wajukuu wao. Walijua, hata hivyo, kabla ya jua kutua usiku wa Idi, ni nyumba ipi katika mtaa ambayo moto wake haujawashwa, na ni nani aliye na pishi ya kuipelekea.